Udongo wa Nyumba ya Waitara

Saa moja kasoro robo asubuhi, Jumanne moja ya mwezi wa tatu, tuta la chini kabisa katika shamba la Wegesa lilikuwa limejaa udongo mweusi ambao Jumatatu jioni haukuwapo. Nyangi aliweka jembe chini, akachomeka kidole. Kidole kilizama chote. Alikichomoa, akakinusa, akakifuta kwenye kitenge, kisha akaanza kutafuta ulikotoka.

Mvua haikuwa imenyesha. Juu ya tuta palikuwa na changarawe na mwamba kama siku zote, kwa hiyo udongo haukuteremka. Njia yake ilionekana wazi upande wa chini: mburuzo mpana kama mlango, uliotokea kwenye korongo, ukapita kando ya mgunga, ukakata njia ya ng'ombe na kupanda hadi kwenye tuta. Majani yaliyokuwa njiani yalikuwa yamelala, vichwa vyake vikielekea mlimani.

"Mama," Nyangi aliita. "Udongo umepanda."

Wegesa alitoka jikoni na mwiko wa uji mkononi. Alitazama tuta, kisha korongo.

"Umekuja wenyewe?"

"Wenyewe."

"Basi usiukanyage. Utakuwa umechoka." Akarudi kwenye uji wake usije ukashika chini.

Nyangi alikuwa mke katika nyumba hiyo, na mume wake alikuwa amekufa kabla yeye hajazaliwa. Kwa majirani zao wa Busawe hilo halikuhitaji maelezo. Wegesa alikuwa amezaa mtoto mmoja tu, Waitara, ambaye surua ilimchukua muda mfupi baada ya kujifunza kutembea. Baadaye mumewe naye akafa. Nyumba isiyo na mtoto wa kiume haiachwi ifungwe mlango hivi hivi. Mwanamke mwenye ng'ombe anaweza kuwatoa na kuoa binti kwa jina la nyumba yake, na watoto wa binti huyo huhesabiwa wa nyumba hiyo. Wegesa alitoa ng'ombe wake, akamwoa Nyangi kwa jina la Waitara. Nyangi akazaa mabinti wawili, Mokami na Judith, na shuleni waliandikwa Mokami Waitara na Judith Waitara. Nyangi alimwita Wegesa "Mama". Watu wengine walimwita Wegesa mume wa Nyangi. Wote walikuwa sahihi.

Shamba walilokuwa nalo liko mlimani, na lilikuwa limekufa. Kwa miaka mingi lililimwa kwa plau kutoka juu kwenda chini, kwa sababu ng'ombe hupenda hivyo. Miti yake iliishia kwenye makaa. Kila masika maji yalishuka mekundu, yakachimba korongo, na korongo likameza mbuzi mmoja na nusu ya ua. Kilichobaki kilikuwa mwamba safi kiasi kwamba Mokami aliuchorea picha kwa mkaa. Hakuna mtu wa ukoo aliyelitaka. Wangwe, mdogo wa marehemu mume wa Wegesa, aliwaonyesha wageni wake mlima huo kwa fimbo. "Pale shemeji yangu analima mawe," alisema. "Yakiiva tutakaribishwa."

Kisha alikuja Method, bwana shamba wa kata, na pikipiki yake. Aliwachukua akina mama wa mlimani hadi Mbalibali kuona miteremko iliyoponywa, akawaonyesha kipimo cha A: fito tatu, uzi na jiwe. Jiwe likining'inia katikati, miguu ya kipimo iko usawa mmoja, na hapo ndipo unapochora mstari. Unachimba mtaro kwenye mstari huo, udongo unautupa upande wa juu, unapanda majani ya tembo kwenye ukingo. Maji yakija yanakuta mlango umefungwa. Wegesa alikishika kipimo, akakizungusha, akasema kilikuwa na akili kuliko plau.

Kuchimba mlima mzima si kazi ya wanawake wawili, hivyo waliita risaga. Majirani hukusanyika kwenye risaga, hulima shamba la mmoja wao, na mwenye shamba huwapikia pombe. Wegesa alipika ya ulezi. Katika ukoo ule, kabla jembe la kwanza halijagonga ardhi, mwenye kazi huketi mbele ya chungu na kuvuta mrija wa kwanza. Mrija huo ulikuwa wa Wegesa. Lakini Wangwe alikuwa amefika mapema na kuketi kwenye kigoda, naye Wegesa alilelewa vizuri.

"Shemeji, fungua wewe," alisema.

"Mimi?"

"Wewe ndiye mwanamume mkubwa uliyebaki."

Wangwe alivuta kwa muda mrefu. Watu walicheka, wakapiga makofi, wakashika majembe. Nyangi alikuwa akifunga uzi kwenye kipimo na hakuliwazia tena jambo hilo.

Hiyo ilikuwa mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu ndipo udongo ulipoanza kurudi.

Baada ya ule wa kwanza, mwingine ulirudi jioni, watu wakiwa bado nje. Ulitoka bondeni polepole, kwa mwendo wa ng'ombe aliyeshiba, ukafuata barabara, ukakunja kwenye duka la Agustina na kupanda mlima. Bodaboda walisimama pembeni ukapita. Mbwa waliubwekea siku mbili, wakauzoea. Kwa kuwa njia yake ilikatisha uwanja wa kanisa, kwaya ya Jumatano ilisogezwa mbele kidogo, na Mchungaji Sadock alitangaza badiliko hilo pamoja na matangazo ya ndoa.

Ulioondoka karibuni ulirudi kwanza, na wa zamani ukafuata. Kila udongo ulikuja na ulichoondoka nacho. Wa mwaka jana ulileta kijiko. Wa miaka ya nyuma ulileta ubale wa jembe ambao Wegesa aliutambua kwa pengo lake, akamwomba radhi jirani fulani moyoni, kwa kuwa alikuwa akimshuku. Kabla ya Pasaka ulifika udongo ulionuka dagaa, wenye makombe madogo ya konokono. Huo ulikuwa umechukuliwa na mto Mara hadi ziwani. Ulichelewa sana mlimani. Ulilala jioni ya kwanza kwenye njia ya ng'ombe na kumaliza safari siku ya pili. Wegesa aliunyunyizia maji kwa kata.

Method alipokuja alichomeka rula yake nyuma ya kila tuta.

"Mama, huu umetoka wapi?"

"Ziwani," alisema Wegesa.

"Wote?"

"Huo unaoushika. Mwingine ni wa hapo bondeni."

Method aliunusa, akakubali kwa kichwa. Alitoa simu, akaitazama kwa muda. "Kwenye taarifa hakuna mahali pa udongo unaopanda," alisema. "Nitaandika umeongezeka."

"Andika umerudi."

"Hakuna 'umerudi', Mama. Kuna 'umeongezeka', 'umepungua' na 'hakuna mabadiliko'."

"Basi andika hilo la kwanza, usije ukafukuzwa kazi kwa ajili yetu."

Udongo wa mwisho ulifika jioni yenye utulivu. Ulikuwa tofauti na mwingine. Haukuburuzika wala kujikunja. Ulipanda ukiwa bapa, mzima, kama mtu aliyebeba sinia lililojaa. Ulipita tuta la kwanza, ukapita la pili, ukajilaza nyuma ya la tatu bila kupasuka. Asubuhi Nyangi alikuta nyayo juu yake.

Zilikuwa nyayo za mtoto mdogo sana. Zilianza kwenye ukingo, zikaenda upande, zikazunguka kitu ambacho hakikuwapo tena, zikasimama. Mguu wa kushoto ulikuwa umepinda kwa ndani.

Wegesa alikuja na kuketi chini, jambo ambalo magoti yake yalikuwa yamemkataza kwa muda mrefu. Alitazama nyayo zote, moja baada ya nyingine.

"Huo wa kushoto nilikuwa naukanda kwa samli kila jioni," alisema. "Ulikuwa umeanza kunyooka." Kisha akasema, "Nyangi. Njoo umwone mume wako."

Nyangi alipiga magoti. Tangu aolewe katika nyumba ile hakuwa ameona kitu chochote cha Waitara. Picha hazikuwapo, wala nguo. Aliweka kiganja chake kando ya unyayo mmoja. Unyayo uliishia pale vidole vyake vilipoanzia.

"Ni mdogo," alisema.

"Alikuwa bado anakua," alisema Wegesa.

Walipanda mahindi na maharage shamba zima, wakaziachia nyayo nafasi yake. Mvua ilipotishia, mmoja wao alikimbia kuzifunika kwa ungo, na kwa sababu hiyo ungo haukutumika tena kupepetea. Watoto waliporudi kutoka shule walipitia pale kwanza. "Shikamoo, baba," walisema, kisha wakaenda kula. Siku moja Judith aliweka mguu wake kando ya unyayo, akapima kwa macho.

"Bibi, baba angeweza kuvaa viatu vyangu vya chekechea."

"Angevipoteza," alisema Wegesa. "Alikuwa hakai na kitu mguuni." Alicheka mpaka akakohoa, na Nyangi akampiga mgongoni taratibu, naye pia akicheka.

Mahindi yalimpita Method kwa urefu. Alileta wageni wa mradi, wakapiga picha kwenye matuta, wakasema kazi hii inapaswa kupanuliwa kata nzima. Akina mama wa vitongoji vingine walikuja kuazima kipimo cha A. Wangwe naye alikuja, mchana, peke yake. Alitembea kati ya mistari bila kuvunja hata jani. Alichukua udongo kidogo, akausugua kati ya vidole.

"Shemeji," alisema, "mawe yameiva."

Wegesa alimpa mahindi ya kuchoma. Usiku ule Wegesa hakula.

Baada ya mavuno ukoo ulikaa kikao nyumbani kwa Wangwe. Aliyeongoza alikuwa Mzee Benedicto, mkubwa kuliko wote, mtu mwenye sauti ya chini na asiyependa ugomvi. Wangwe alisimama, akaeleza bila kelele. Shamba lilikuwa la kaka yake. Kaka yake hakuacha mtoto wa kiume. Kazi ya kulifufua ilikuwa ya nani? Aliwaomba waliokuwapo kwenye risaga waseme nani alivuta mrija wa kwanza. Waliokuwapo walisema ni Wangwe, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

"Nilimpa kwa heshima," alisema Wegesa.

"Tunajua, mama," alisema Mzee Benedicto. "Na heshima ndiyo inayomtambulisha mwenye kazi."

"Lile shamba lina mwenyewe. Mwanangu yuko pale. Kama mnabisha, nendeni mkamwone."

Hakuna aliyebisha. Waliinuka wote wakapanda mlima kwa mstari mmoja, fimbo zikigonga mawe. Nyangi aliondoa ungo. Mzee Benedicto, ambaye enzi zile alikuwa kijana na alimfahamu mtoto, aliinama akatazama mguu wa kushoto.

"Ni Waitara," alisema. "Hilo halina ubishi."

Wazee walivua kofia. Mmoja wao aliziomba nyayo radhi kwa kutofika msibani. Alikuwa amesafiri Sirari. Walisimama kimya kadiri inavyostahili, wakavaa kofia, wakashuka kuendelea na kikao.

"Waitara yupo, na ni wetu," alisema Mzee Benedicto walipoketi. "Angekuwa na mtoto wa kiume hata mmoja, tungekuwa tumemaliza. Lakini ana mabinti. Mabinti wataolewa. Waende na mlima begani?"

"Tata," alisema Nyangi, akimwita mzee baba kwa Kikurya, na ilikuwa mara yake ya kwanza kusema kikaoni, "sheria ya nchi inasema mwanamke ana haki ile ile."

"Inasema, mwanangu. Na mimi nimeisikia redioni. Sheria iko Mugumu, wilayani. Sisi tuko hapa, na kesho tutakuwa hapa."

Waliamua Wangwe achukue shamba na udongo wake. Wegesa na Nyangi hawakufukuzwa. Walipewa mteremko wa juu, unaopakana na shamba hilo, ambao ulikuwa mwamba mtupu. Mzee Benedicto aliona huo ni uamuzi wa upole. "Ninyi mna mkono wa kuponya," aliwaambia. "Ponyeni na kule."

Method alipopata habari alikasirika, akaenda kulifikisha jambo hilo wilayani. Aliporudi alisema watu aliozungumza nao walimshauri kwamba mambo ya ukoo humalizwa na ukoo. Aliwaletea miche ya majani ya tembo, akaishusha mwenyewe kwenye pikipiki.

Siku ya kuhama Nyangi aliuliza kama wazikate nyayo na kuzibeba kwenye bati. Wegesa alikataa. Alisema udongo ule ulikuwa umesafiri mbali ukiwa mzima, haifai uvunjwe kwa ajili ya safari fupi. Aliinama juu ya nyayo. "Tuko hapo juu tu," aliziambia. "Ukisimama utatuona." Akaufunika unyayo wa mwisho kwa ungo, akaweka jiwe juu ya ungo.

Kule juu walianza upya, nyumba na shamba. Nyangi alishika kipimo, Wegesa akaangalia jiwe likitulia katikati ya uzi. "Rudi kidogo," alisema. "Kidogo. Hapo." Walichimba walichoweza, mtaro mfupi, na changarawe waliitupa upande wa juu ikafanya tuta la kifundo cha mguu. Hapakuwa na kitu cha kupanda ndani yake.

Vuli ilipoanza, Wangwe alipanda mahindi. Yalipofikia kimo cha kiganja, udongo wake uliondoka. Wa ziwani ulitangulia, kwa kuwa ulizoea safari. Ulivuka mkonge wa mpakani jioni, ukapanda hadi kwenye tuta fupi la akina Wegesa, ukajilaza. Mwingine ulifuata. Kabla ya Krismasi shamba la Wangwe lilikuwa mwamba wenye matuta mazuri, na mahindi yake yalilala juu ya mwamba, mizizi nje, bado mabichi.

Ule ulio bapa ulikuja mwisho, ungo na jiwe vikiwa juu yake. Nyangi aliusubiri kwenye tuta mpaka ulipotulia. Aliondoa jiwe, akaondoa ungo. Nyayo zilikuwa zile zile, zenye mzunguko ule ule, isipokuwa za mwisho mbili, ambazo sasa zilielekea kwenye mlango wa nyumba. Wa kushoto ulikuwa umenyooka kidogo.

"Amefika?" Wegesa aliuliza kutoka ndani.

"Amefika."

"Amenyeshewa?"

"Hapana, Mama. Ungo ulikuwepo."

Method alifurahi. Alisema sasa kulikuwa na mashamba mawili yenye matuta, mradi unapanuka.

"La chini halina udongo," alisema Nyangi.

"Najua, dada. Lakini kinachohesabiwa ni matuta." Alisema hivyo bila kumtazama.

Wangwe alipanda mlima wiki iliyofuata. Hakuja na hasira. Aliamkiana nao, akakubali uji, akaumaliza, akarudisha bakuli kwa mikono miwili.

"Shemeji, wazee walinipa shamba na udongo wake," alisema. "Udongo wangu umehamia kwako."

"Ulipanda wenyewe."

"Nimeuona ukipanda. Sijasema mmeuiba. Nasema uko hapa."

"Sasa unatakaje?"

"Tusigombane. Kule chini pamebaki pazuri, matuta yapo tayari. Mnaweza kurudi kule." Alitazama mteremko, juu hadi chini. "Hapa bado mnahitaji risaga. Mkiita, nitakuja nifungue chungu."

Alipoondoka Wegesa alichezea kipimo cha A magotini. Kisha akamwambia Nyangi aloweke ulezi.

Risaga ilikuwa Jumamosi ya pili ya mwezi wa kwanza. Watu walifika na majembe kabla jua halijachoma. Chungu kiliwekwa si karibu na kigoda, bali nyuma ya tuta, kando ya nyayo. Wangwe alikuwa bado anapanda mlima, kofia yake ikionekana kwenye mkonge, Nyangi alipochukua mrija. Alimtazama Wegesa. Wegesa akaitika kwa kichwa.

Nyangi alivuta, akaziba ncha kwa kidole gumba, akaubeba mrija hadi kwenye unyayo wa mwisho. Akaondoa kidole. Pombe ilijaza kisigino, ikajaza vidole, ikatulia, kisha ikazama yote. Watu walipiga makofi kama kawaida na kushika majembe.

Wangwe alipofika walikuwa wamekwisha kuchimba.

"Chungu kimefunguliwa," alisema.

"Kimefunguliwa," alisema Wegesa.

"Na nani?"

"Na mwenye nyumba."

Wangwe alitazama unyayo, ambao ulikuwa bado na unyevu. Alivua kofia, akainama, akamsalimu mtoto wa kaka yake kwa Kikurya, kwa jina lake lote. Kisha akavaa kofia, akachukua mrija wa pili, akanywa, akajifuta mdomo. Akaenda mpaka kwenye jiwe la juu kabisa, akageuka, akaanza kupima mpaka kwa hatua kama mwenye shamba, akihesabu kwa sauti.